Nameza foliki kwa siri, mume wangu hataki tena mtoto

Shikamoo Mama Mshauri.

Nina miaka 31, nimeolewa, na nina binti mmoja wa miaka sita. Nakuandikia usiku wenzangu wamelala, maana mchana kila nikishika kalamu nalia.

Miaka miwili iliyopita nilijifungua mtoto wangu wa pili, wa kiume, akiwa na mgongo wazi. Kiunoni alikuwa na kitu kama puto dogo lenye maji, miguu haikucheza, na baada ya siku chache kichwa kikaanza kukua. Alifanyiwa upasuaji, akapata maambukizi, akafariki akiwa na wiki 11. Waliomtibu siwalaumu, niliwaona wakihangaika naye usiku na mchana.

Ninayemlaumu ni mimi. Tulipokuwa bado wodini, muuguzi mmoja aliniuliza nilianza lini vidonge vya foliki. Nikamjibu nilianza nilipokwenda kliniki, mimba ikiwa ya miezi minne. Akatikisa kichwa akasema, "Ungeanza mapema, mtoto asingezaliwa hivi." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anaandika kwenye faili huku anaongea. Lakini neno lile silisahau. Naamka nalo, nalala nalo.

Baada ya mazishi mume wangu alisema neno moja tu juu ya uzazi: imetosha. Kadi ya kliniki ya mtoto aliichukua akaifungia kabatini. Jina lake halitajwi nyumbani. Nikianza tu habari ya mtoto mwingine, mume wangu anavaa viatu anatoka. Mama mkwe naye anasema tatizo limetoka upande wetu, kwani kwao halijawahi kuonekana. Mume wangu anasikia na ananyamaza, nami namwelewa kwamba ukimya wake ndio jibu: ananiona mimi ndiye niliyemuua mtoto wangu wa pili.

Nilisoma kwamba mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi anahitaji foliki ya nguvu, ile ya miligramu 5, na aanze kabla ya kushika mimba. Nikanunua. Huu mwezi wa nne nameza, na vidonge nimevificha ndani ya mkebe wa nyuzi za kushonea. Nilianza na kimoja kwa siku, halafu nikawaza kwamba heri mwili uwe na akiba, sasa nameza vitatu. Ni vitamini tu, ikizidi inatoka kwa mkojo. Mwenyewe ni mzima, dawa nyingine ninazotumia ni zile za kifafa tu nilizoanza nikiwa na miaka 17, na huu ni mwaka wa tano sijaanguka.

Sasa shida yenyewe. Sindano yangu ya uzazi wa mpango inaisha baada ya wiki tatu. Nawaza nisirudi. Nikishika mimba nitamwambia mume wangu imetokea tu. Safari hii mwili umejaa foliki, mtoto atakuwa mzima, na akimpakata mtoto mzima atanisamehe yote. Dada yangu ananiambia nifanye hivyo hivyo. Rafiki yangu anasema huo ni usaliti. Kila mmoja akiongea naona ana haki.

Mama, nifanyeje?

Mwenye Mkebe

*

Marahaba mwanangu. Pole sana. Wiki 11 ni muda wa kutosha mama kumjua mwanawe, kulijua tabasamu lake na kilio chake, na hilo haliondoki kwa kufungiwa kadi kabatini.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Unaniuliza kuhusu sindano: urudi au usirudi. Lakini nikiisoma naona chini yake lipo swali lingine ambalo hukuliandika: je, mtoto akija mzima, lile neno la muuguzi litafutika? Naomba nianze na hilo, kwa kuwa naona ndilo linalokusukuma kumeza vidonge vitatu badala ya kimoja.

Foliki ni vitamini B9. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, na mwaka 1941 wanasayansi waliitoa kwenye majani ya mchicha. Kabla haijapewa jina, Lucy Wills, daktari wa Kiingereza aliyefanya kazi Bombay, alikuwa tayari ameonyesha mwaka 1931 kwamba kuna kitu ndani ya hamira kinachowaponya wajawazito upungufu wa damu wa aina fulani. Kwa hiyo tangu mwanzo hii imekuwa vitamini ya wajawazito. Kazi yake ni kuusaidia mwili kutengeneza vinasaba vipya, na bila vinasaba vipya seli haiwezi kugawanyika. Ndiyo maana upungufu wake huonekana kwanza pale seli zinapogawanyika kwa kasi: kwenye damu inayotengenezwa kila siku, na kwa mtoto aliye tumboni.

Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto huanza kama utando bapa, ambao hujikunja na kufungika ukawa mrija. Mrija huo unatakiwa uwe umefungika kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Ukihesabu kuanzia hedhi ya mwisho, ni kama wiki ya sita, wakati ambao wanawake wengi ndio kwanza wanajiuliza mbona siku zimepita. Sehemu ya chini isipofungika, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Basi ona: siku ulipopokea vidonge kliniki, mgongo wa mwanao ulikuwa umekwisha kuwa vile ulivyokuwa kwa zaidi ya miezi miwili. Katika miezi hiyo hakuna aliyekwambia lolote. Mtu anawezaje kuwa na hatia ya mlango ambao hakuonyeshwa kuwa upo? Halafu niambie, mimba ya binti yako ulianza foliki lini? Kama nako ulianza mwezi wa tatu au wa nne, binti yako wa miaka sita mwenyewe ni jibu.

Muuguzi alisema "asingezaliwa hivi." Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioendeshwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza katika vituo 33 vya nchi saba. Walioshiriki walikuwa wanawake kama wewe, waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hili na wakataka mtoto mwingine. Baadhi walipewa miligramu 4 za foliki kila siku tangu kabla ya mimba, wengine hawakupewa. Katika wasiopewa, mimba 21 zilipata tatizo tena. Katika waliopewa, 6. Ni tofauti kubwa, kinga ya asilimia 72, na kwa sababu hiyo utafiti ulisimamishwa mapema ili kila mwanamke afaidike. Lakini usiipite haraka ile 6. Wale kina mama sita walikuwa kwenye kundi la waliopewa foliki, na bado. Foliki inapunguza hatari sana, haiiondoi yote. Mtu akikwambia mwanao asingezaliwa hivi, anadai kujua kitu ambacho hata utafiti ule haukukijua.

Naisema hii kwa sababu mbili. Ya kwanza uiweke chini ile lawama. Ya pili ni ngumu zaidi: kwenye barua unasema safari hii mtoto atakuwa mzima kwa kuwa mwili umejaa foliki. Mwanangu, sina uwezo wa kukuahidi hilo, na kidonge hakina uwezo huo pia. Mama aliyewahi kupata mtoto mmoja wa mgongo wazi, akishika mimba bila kinga, hatari ya kurudia ni kama 2 hadi 5 katika kila 100. Foliki huishusha hapo. Wengi sana huzaa watoto wazima. Ila kama mpango wako wote umesimama juu ya neno "atakuwa," nakuomba uuangalie upya ukijua neno la kweli ni "huenda, tena huenda kubwa."

Sasa nije kwenye sentensi niliyoisoma nikaweka barua chini. Uliiandika kama kitu kidogo: dawa nyingine ni zile za kifafa tu.

Sijui ni dawa gani, hukuitaja. Lakini utafiti ule niliokusimulia uliwaacha nje wanawake wenye kifafa, kwa kuhofia kwamba foliki nyingi ingevuruga matibabu yao. Na ipo dawa moja ya kifafa, valproeti, ambayo yenyewe huongeza hatari ya mgongo wazi hadi kufikia mtoto mmoja au wawili katika kila 100, na huathiri mambo mengine pia ikiwemo akili ya mtoto anavyokua. Foliki haitoshi kuizuia athari hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wanaoweza kushika mimba wasianzishiwe dawa hiyo. Kabamazepini nayo huongeza hatari kwa kiasi kidogo zaidi. Fenitoini na fenobabito zinashusha kiwango cha foliki mwilini, na foliki ikiwa nyingi nayo inaweza kuishusha fenitoini kwenye damu, degedege likarudi.

Najua ninachokufanyia hapa. Nimetoka kukutua mzigo mmoja na sasa kama nakutwika mwingine. Sivyo. Dawa uliandikiwa ukiwa na miaka 17, umeimeza kama ulivyoelekezwa, na imekulinda usianguke ukiwa na mtoto mikononi. Kama kuna swali, ni la walioiandika. Kwako wewe ni habari ya kufanyia kazi, tena habari njema kwa namna yake, kwa sababu ni kitu kinachoweza kubadilishwa kabla ya mimba. Zipo dawa, kama lamotrijini na levetirasetamu, ambazo kwa mjamzito zina usalama zaidi.

Jambo moja tu nitakuomba kwa msisitizo: usiziache ghafla. Wala usipunguze mwenyewe. Kifafa kilichotulia miaka mitano kinaweza kurudi kwa kishindo dawa ikikatwa, na kuanguka vibaya kunaweza kukuua wewe na mimba. Kuhama kutoka dawa moja kwenda nyingine hufanywa taratibu na daktari, na huchukua wiki nyingi au miezi.

Hapo sasa vile vidonge vitatu. Ni kweli foliki huyeyuka kwenye maji na nyingi hutoka kwa mkojo. Lakini kabla ya kutoka inapita mwilini, na ikipita kwa wingi ina mambo yake. Moja nimekwishalitaja, la dawa za kifafa. Jingine ni kwamba inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12: damu inaonekana imepona, kumbe neva zinaendelea kuharibika kimyakimya, ganzi miguuni, kusahau. Kwa historia yako ya uzazi kiasi kinachopendekezwa ni miligramu 5 kwa siku, yaani kidonge kimoja, tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Akiba unayoiwazia haihifadhiki kama unavyodhani. Ini linatunza kidogo, seli zinachukua zinachohitaji, kinachobaki kinamwagika. Vidonge viwili vya ziada havimjengi mtoto. Nadhani vinakutuliza wewe, nami naelewa kwa nini unahitaji kutulizwa.

(Na kama unaishi penye malaria, waambie kliniki kwamba unatumia foliki ya miligramu 5. Inadhoofisha SP, dawa ya kukinga malaria wanayopewa wajawazito, kwa hiyo wanatakiwa kujua ili wapange.)

Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwa mume wako, kuna mtu mwingine ambaye hutakiwi kumficha ile siri ya mkebe: daktari anayekuandikia dawa za kifafa. Nenda na boksi la dawa na vidonge vya foliki, viweke vyote mezani, sema, "Nataka mtoto. Nilipata mmoja wa mgongo wazi." Sentensi hizo mbili zitabadilisha mazungumzo yote.

Tuje kwa baba wa watoto wako. Unasema ukimya wake ndio jibu. Inawezekana. Lakini mwanamume anayekuona muuaji angekuwa na maneno mengi kuliko "imetosha." Mimi nikimtazama kupitia barua yako namwona mtu aliyeichukua kadi ya kliniki akaifunga badala ya kuitupa. Namwona anavaa viatu haraka kabla machozi hayajamwahi. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye unayeishi naye. Ila naona kuwa hukuwahi kumuuliza anaogopa nini. Huenda anaogopa kuzika tena. Huenda anaogopa kukupoteza wewe ukianguka. Huenda naye aliambiwa neno na mtu fulani koridoni, nawe hulijui.

Kuhusu mama mkwe, mambo haya hayana upande mmoja. Historia ya mgongo wazi katika ukoo wa baba nayo huhesabiwa, na mara nyingi haipo historia yoyote kokote. Mumeo akilisikia hilo kutoka kwa daktari, wewe ukiwa pembeni, atakuwa na cha kumwambia mama yake siku nyingine.

Sasa wiki tatu zako. Ukirudi kuchoma sindano, utakuwa umeahirisha, na najua kwa mama anayetamani mtoto miezi mitatu ni mirefu. Faida yake ni kwamba miezi hiyo hiyo ndiyo inayohitajika kubadili dawa kama itabidi, na kuongea na mumeo bila kukimbizana na kalenda. Usiporudi ukanyamaza, kuna mawili ya kufikiria. La kwanza ni la mwili: baada ya sindano uzazi mara nyingi huchelewa kurudi, miezi kadhaa au zaidi, lakini kwa wengine huwahi, na mimba inaweza kutunga dawa za kifafa zikiwa zile zile. La pili unalijua. Mtoto akija mzima, furaha itakuwepo, na ndani yake utatunza kitu ambacho mumeo hakijui. Na akija na tatizo tena, utakuwa umembebesha mumeo msiba wa pili ambao hakuuchagua, nawe utabeba lawama ambayo safari hii hakuna takwimu ya kukutetea. Rafiki yako analiita usaliti. Mimi sitalitumia neno hilo, kwa sababu naona mama aliyechoka kuongea na mlango uliofungwa. Dada yako naye anaona uchungu wako na anataka uishe. Wote wawili wanakupenda. Hakuna kati yao atakayelala kitandani na siri hiyo.

Njia ya tatu ni kumwambia, kabla ya wiki tatu hazijaisha au baada. Nayo ina hatari. Anaweza kukataa kabisa, na hapo utalazimika kujua utafanya nini na jibu hilo. Sitakuambia sasa, maana hata wewe hujafika hapo. Anaweza kukasirika kwa ajili ya vidonge vilivyofichwa. Lakini pia anaweza kusikia kitu asichowahi kuambiwa: kwamba kuna kidonge kimoja cha kila siku, kuna dawa inayoweza kubadilishwa, kuna kipimo cha ultrasaundi kati ya wiki ya 11 na 13 kinachoweza kuonyesha matatizo makubwa ya kichwa, na kingine wiki ya 18 hadi 20 kinachoangalia mgongo kwa makini. Mtu anayeogopa giza huweza kutulia kidogo akijua taa ziko wapi. Ongeeni pia juu ya hilo lenyewe: mngependa kujua mapema, na mkijua mngefanya nini? Ni maswali mazito. Ni afadhali yakae mezani kati ya watu wawili kuliko kichwani kwa mmoja usiku.

Hujui pa kuanzia, nadhani. Katika barua yako nzima umeandika "mtoto wangu wa pili" na "mtoto," na hukunitajia jina lake hata mara moja. Ulisema halitajwi nyumbani. Chagua jioni moja binti akiwa amelala, mkae, na kabla ya foliki, kabla ya sindano, kabla ya mama mkwe, umwombe mumeo aitoe ile kadi kabatini mwisome pamoja. Jina lake limeandikwa juu. Lisome kwa sauti, kisha umsubiri aseme yeye.